Matawi Niliyompelekea Mgeni wa Kijapani

Tangu nirudi, kila anayepita mbele ya kibanda changu cha mabango anasimamisha baiskeli na kuniuliza swali lile lile: "Elia, Japani vipi?" Wengine wanauliza kwa wema. Wengine nawajua, wanatafuta cha kucheka. Fundi baiskeli nilimsimulia nusu, mwalimu wa kwaya nikamsimulia nusu nyingine, na sasa nasikia mtaani kwamba nilikamatwa Kondoa nikiiba kuni. Basi naandika yote mara moja. Someni, kisha mniache nipake rangi.

Kabla ya kutoka Hombolo

Ugonjwa wangu mnaujua: sanaa ya Wajapani wa siku hizi. Ulinianzia kwenye simu. Nilikuwa natafuta mfano wa herufi za bango la saluni, nikaangukia video ya chumba cheupe ambamo mtu alikuwa amepanga mawe ya mtoni, mawe matupu, kisha akaenda zake. Watu walikuwa wanayazunguka kimya kimya kama wamefiwa. Nilikasirika. Mimi nimekulia kwenye mawe na hakuna aliyewahi kulipa kiingilio. Nikaitazama tena ili nikasirike vizuri, na tena, mpaka hasira ikaisha nikaanza kuyaona yale mawe. Tangu siku hiyo bando langu lote linaishia huko.

Kinachonimaliza zaidi ni jinsi wanavyoiacha nafasi tupu, na ile nafasi nayo wakaihesabu kuwa ni kazi. Nililijaribu jambo hilo kwenye bango la bucha. Nikachora mguu mmoja wa mbuzi pembeni, kwingine kote nikaacha peupe. Mwenye bucha akalitazama kwa muda, akaniuliza kwa upole, "Elia, mbuzi mwingine yuko wapi?" Nikamaliza mbuzi.

Si Wajapani peke yao walioniharibu. Ile michoro myekundu ya kwenye miamba ya Kolo, wale watu warefu wembamba, imenikaa kichwani tangu nikiwa shule ya msingi. Vyungu vya mama mdogo vimenifundisha umbo kuliko mwalimu yeyote. Kwa hiyo niliposikia kwamba msanii wa Kijapani, Bi. Haruno, anakuja Kolo kuitazama michoro, na kwamba amewaalika wasanii wa huku kwetu kila mmoja alete kazi moja, nilikaa chini. Alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kwenda kufanya naye kazi kwao kwa msimu mzima. Nafasi moja tu. Nina miaka arobaini na tisa, na mambo haya huwa ya vijana, lakini safari hii hakuna aliyetaja umri. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na mke wangu ni shahidi kwamba sikulala vizuri tena.

Kazi yangu mliiona. Baada ya kupogoa mizabibu, wakulima wanayatupa matawi kando ya mashamba. Niliyakusanya, nikayafuma kama kiota kikubwa kilichofudikizwa. Mtu anainama, anaingia, anakaa. Viungo vilishikwa na uzi mwekundu wa kufumia. Jua likipenya, mwili wako wote unachorwa mistari. Nikaiita Mahali pa Kukaa Kimya. Ninyi wenyewe mliingia humo, mkaanza kubishana mpira.

Hombolo hadi Dodoma mjini

Niliifumua kazi nikaifunga matita matatu, kila tita na uzi wake mwekundu, nikapata nafasi kwenye Canter ya Masinjila iliyokuwa inapeleka zabibu mjini. Masinjila ni mtu mwema lakini hana subira, na zabibu zake zilikuwa na subira ndogo kuliko yeye.

Tulisimamishwa kwenye kizuizi cha maliasili. Afisa mmoja kijana, mpole sana, akazunguka gari, akagusa matita yangu kwa kidole.

"Shikamoo mzee. Kuni hizi zinakwenda wapi?"

"Marahaba. Si kuni, mwanangu. Ni sanaa."

Akanitazama kutoka utosini hadi unyayoni. "Sanaa ya namna gani?"

Nikamweleza. Nilianzia kwenye yale mawe ya mtoni, nikapita kwenye nafasi tupu, nikafika kwa Bi. Haruno. Masinjila alizima injini, halafu akakata tamaa kabisa akavua viatu. Afisa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hawezi kuandika neno sanaa mahali ambapo yeye mwenyewe anaona kuni, labda nimwonyeshe.

Nikafungua tita moja, nikasimamisha ukuta pale pale pembeni ya lami. Afisa akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande. "Huku umelala," akasema.

Nikatazama. Ulikuwa umelala kweli. Tukaurekebisha pamoja, yeye akishika, mimi nikifunga, Masinjila akipiga honi kuzitetea zabibu. Tulipomaliza, yule kijana akaridhika, akanisaidia hata kufunga upya.

"Nenda salama, mzee," akasema. "Ila nikushauri kitu. Huko mbele usiseme sanaa. Utachelewa."

Ushauri ule niliuona wa maana, nikaushika. Yote yaliyonipata baadaye yalitokana na huko kuushika.

Dodoma hadi Haneti, na kukaa Haneti

Stendi, konda wa basi la Kondoa akauliza ni nini. Nikajibu, "Mzigo." Akasema, "Sawa," akaupakia. Nilijipongeza.

Tulipofika Haneti rejeta ikachemka. Dereva akafungua boneti, akatazama ndani, akafunga, akaenda kunywa chai, na sisi abiria tukaelewa kwamba siku imekwisha hapo. Fundi alikuwa njiani anatoka mjini. Baadaye tukaambiwa fundi amekwisha kufika, ila spea ndiyo iko njiani.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa Mama Zuhura, mwenyeji wa Kondoa, umri wa mama yangu mdogo, mwenye sauti ya kuamrisha na kikapu alichokataa kukiweka chini. Alikuwa anarudi kutoka mjini alikokwenda kutibiwa macho. Akiwa huko, binti yake Salma akajifungua mtoto wa kwanza kabla ya siku zake. Mkwe alikuwa safari ya biashara. Mama Zuhura hakuwa na raha. Alikuwa anamtukana dereva kwa adabu kubwa sana, akianza kila tusi na "mwanangu".

Tulikula kwa mama lishe, ugali wa uwele na mlenda, na mlenda ule ulikuwa umepikwa na mtu anayejua. Nikasahau wasiwasi. Nikaanza kumwambia Mama Zuhura habari za Japani, maana nilikuwa nimejiahidi kutosema sanaa, lakini Japani hakuna aliyenikataza. Nikamweleza kuwa kule watu wanavua viatu mlangoni, wanapenda utulivu, na samaki wanamla mbichi.

Mama Zuhura akaacha kutafuna. "Maskini," akasema. "Kuni hawana?"

Nikacheka mpaka mlenda ukanipalia. Yeye hakucheka. Aliyatazama matita yangu juu ya basi, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya chini nayapeleka wapi. Nikakumbuka ushauri wa afisa. Nikamjibu, "Mama, hayo ni hadithi ndefu. Yafike salama tu." Akaitikia kwa kichwa, akanichotea mlenda mwingine. Sikujiuliza kwa nini ghafla ananipenda hivyo.

Haneti hadi Kondoa

Spea ilifika, tukaingia Kondoa jua limekwisha kuzama. Gari la Kolo hakuna mpaka asubuhi. Nilipouliza gesti, Mama Zuhura aliniangalia kama nimemtusi.

"Uende gesti, na mimi nina nyumba?"

Tukapakia matita kwenye guta, ile baiskeli ya mizigo, tukaenda. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, majirani na ndugu, waliokuja kumhudumia mzazi. Nilitafuta mahali ambapo matawi hayatakanyagwa, nikaona ukuta mkavu kando ya mlango wa jiko. Nikayaegemeza pale, moja baada ya jingine, kwa uangalifu, uzi mwekundu ukitazama nje.

Vigelegele vikapasuka.

Sasa nawaombeni mnielewe. Mimi ni mchora mabango. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunipigia kigelegele kwa kazi. Nilidhani Mama Zuhura amewaambia mimi ni nani. Nikaona moyo wa watu wa Kondoa ulivyo, kwamba wanaijua sanaa hata ikiwa imefungwa. Nikatoa hotuba. Nilisema nimeshukuru kwa mapokezi. Nilisema matawi haya nimeyakusanya kwa mikono yangu mwenyewe, kwa miezi mingi, na sikuyaleta kwa ajili ya sifa bali kwa ajili ya watu.

"Amina," wakasema wanawake. Mmoja alifuta machozi. Mwingine akamwambia mwenzake, "Na ni mwanaume."

Niliona ni jambo la ajabu kusema, lakini nilikuwa nimechoka. Nikala, nikalala kwa furaha.

Alfajiri nikaamshwa na harufu ya moshi mtamu, harufu ninayoijua, ya mti wa mzabibu. Nilitoka nje bila viatu. Pale ukutani palikuwa na tita moja. Jikoni kulikuwa na moto mzuri sana, sufuria kubwa ya maji ya kumkandia mzazi, na nyingine ya uji wenye samli na pilipili manga. Ukuta wangu wa mashariki ulikuwa chini ya uji. Mlango wangu wa kuingilia ulikuwa chini ya maji.

Mama Zuhura akaniona, akatabasamu hadi machoni. "Umeamka, mwanangu. Kuni zako hazina moshi mkali hata kidogo. Salma amekandwa vizuri, amelala. Na uzi wako huu, nimeukunja usije ukapotea." Akanipa donge la uzi mwekundu.

Hapo ndipo akili ilipofunguka, nayo ilifunguka kwa kuniumiza. Kumbe nyumba yenye mzazi haiendewi mikono mitupu. Wanawake wanakwenda na kuni, wanakwenda na maji, na mzigo ukishawekwa mlangoni pa jiko umekwisha kutolewa, hauulizwi tena. Hata kwetu Wagogo ni hivyo hivyo, mama yangu amebeba kuni za namna hiyo mara nyingi tu. Ila mimi ni mwanaume, kazi yangu katika uzazi wa watu imekuwa kukaa nje na kusema hongereni, kwa hiyo sikuwahi kuona mzigo unatua wapi. Niliyaweka mwenyewe. Nikahutubia mwenyewe.

Nikasema, "Nashukuru, mama." Kisha nikaenda nyuma ya choo nikalia. Sioni haya kuliandika.

Kondoa hadi Kolo

Tita lililobaki nililipakia kwenye pikapu iliyokuwa imebeba mbuzi. Nilimshika mbuzi mmoja mdomo njia nzima, kwa kuwa alikuwa ameanza kula kilichobaki cha maisha yangu.

Wasanii walikuwa wamejipanga kwenye uwanja wa kijiji. Kulikuwa na mama mfinyanzi kutoka Mpwapwa na vyungu vyake, na bwana mmoja wa Chamwino aliyetengeneza ng'ombe wa ukubwa wa kweli kwa vipande vya madumu ya mafuta. Ng'ombe yule alikuwa na jicho la huruma. Nilimchukia papo hapo, na nilijua ni mzuri.

Mimi nilisimamisha ukuta mmoja. Ulionekana kama banda la kuku lililokimbiwa.

Bi. Haruno alikuja na mtafsiri wake, binti mmoja mwanafunzi aitwaye Rehema. Ni mwanamke wa umbo dogo, mwenye nywele za mvi zilizokatwa kama za mwanafunzi wa sekondari, na anatazama kitu mpaka unaona aibu kwa niaba ya kitu hicho. Alisimama mbele ya ukuta wangu. Akasema jambo.

"Anauliza kingine kiko wapi," Rehema akasema. "Anaona kuna mahali mikono yako ilitaka kuendelea."

Angeniuliza kingine chochote ningemdanganya. Kwa swali lile nilisema kweli tupu, kuanzia mlango wa jiko mpaka uji. Wenzangu walicheka mpaka yule wa Chamwino akamwegemea ng'ombe wake. Bi. Haruno hakucheka. Macho yalimng'aa, akaongea haraka na kwa muda mrefu, mpaka Rehema akashindwa kumfuata.

"Mzee Elia," Rehema akaniambia, "anasema kazi imekwisha vizuri kuliko zote alizoziona hapa. Mahali pa kukaa kimya pamekuwa usingizi wa mzazi. Anataka kwenda kupaona jikoni. Anasema kama ni kweli, hana haja ya kutafuta zaidi."

Kichwani nilikuwa nimeshafika Japani. Nilikwisha hata kuchagua shati.

Kolo hadi Kondoa, mara ya pili

Tulikwenda na gari la mgeni. Mama Zuhura alitupokea kwa heshima zote, akatandika mkeka, akaamuru uji. Majirani wakajaa uani kumtazama Mjapani, na Mjapani alikuwa anatazama majivu. Alichuchumaa mbele ya mafiga, akayagusa majivu kwa ncha za vidole. Kisha akamgeukia Mama Zuhura na kuuliza swali, na Rehema, ambaye ni binti mzuri ila mdogo, akalitafsiri lilivyo.

"Mama, mgeni anauliza, ulijisikiaje ulipoichoma kazi ya sanaa ya mzee huyu?"

Nilimwona Mama Zuhura akitazama jiko, akitazama gari la wageni, akinitazama mimi. Akakiweka chini kikombe cha uji alichokuwa ameshika. Mwanamke anayeheshimiwa mtaa mzima, mbele ya majirani zake na mbele ya mgeni kutoka nchi za watu, anaambiwa kwamba amechukua mali ya mgeni wake akapikia.

"Mwanangu," akaniambia taratibu, "zile zilikuwa kazi yako?"

Nilihesabu yote katika pumzi moja. Nikisema ndiyo, naondoka kwenda Japani. Ndiyo moja tu, tena ni ya kweli.

"Hapana, mama," nikasema. "Zilikuwa kuni. Nilikuletea wewe na Salma."

Rehema akanisogelea. "Mzee, nimwambie hivyo?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Lakini kule Kolo ulisema..."

"Rehema. Mwambie zilikuwa kuni."

Akamwambia. Bi. Haruno alinitazama kwa ile namna yake, mpaka nikaangalia chini. Kisha akajibu kwa maneno machache.

"Anasema, kama ni hivyo, basi hapa hakuna kazi ya kutazama." Rehema alikuwa karibu kulia. "Anasema anaomba uji."

Akapewa uji. Akakaa mkekani na wanawake, akanywa, akaomba tena. Salma akamtoa mtoto, kila mtu akampakata, na mimi nikapewa zamu yangu kama mtu aliyeleta kuni.

Jioni ile, Kolo, alitangazwa bwana wa Chamwino. Nilipiga makofi. Msinifanye shujaa, niliumia sana, na bado naumia kila nikiona ndege inapita juu ya bwawa letu hapa Hombolo. Naitaka Japani mpaka leo.

Kurudi

Kesho yake nilipanda basi la asubuhi pale Kondoa. Nilikuwa nimeshaketi dirishani Mama Zuhura alipotokea stendi, anahema, na kikapu kile kile. Akaniashiria nishuke. Nikashuka. Konda akasema tunaondoka sasa hivi.

Akanipa kikapu nimpelekee mke wangu. Kisha hakuondoka.

"Mwanangu, mimi macho ndiyo mabovu, akili nzima," akasema. "Kuni nimezifunga tangu sijavunja ungo. Hakuna mtu anayefunga kuni kwa uzi wa kufumia."

Nilishika kikapu.

"Ulinisitiri mbele za watu. Hilo liko kati yetu na Mungu, sitalisema tena." Akajifunga vizuri mtandio. "Ila nimekuja kukuuliza kitu. Ilikuwaje?"

"Ilikuwaje nini, mama?"

"Hiyo kazi. Kabla sijaipikia. Ilikuwaje ukiitazama?"

Njia nzima waliniuliza ni ya nini, inakwenda wapi, ina kibali gani. Nikaweka kikapu chini. Nikaanza kumwonyesha kwa mikono, hapa mlango, mtu anainama hivi, anakaa hivi, jua linaingilia huku. Akasema hajaelewa jua linapita wapi. Basi likapiga honi, likaanza kutembea, konda akining'inia mlangoni na kuniita mzee, mzee. Nikamwambia Mama Zuhura akae pale, palepale, asisogee, nikazunguka nyuma yake nimwonyeshe ukuta wa mashariki.